Bunduki Mbili za Baba Mkwe

Ndugu wawili, wa baba mmoja na mama mmoja, walimaliza kiangazi kizima wakisalimiana kwa mkato kwa sababu ya bunduki ambayo ilikuwa haijawahi kutoa risasi hata moja. Mmoja ni mume wangu. Mwingine ni shemeji yangu, anayeishi ng'ambo ya kilima, huku kaskazini mwa Pennsylvania, katika misitu ambayo kulungu wake huvuka barabara mchana kweupe. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Kwetu bunduki ni kitu cha askari anayelinda mlango wa benki. Huku nilikoolewa ni mirathi, inatajwa pamoja na shamba na meza ya kulia chakula, na anayeipata anajua ilipita mikononi mwa nani kabla yake.

Baba mkwe aliacha mbili, zote Winchester, zote za modeli ya 1894. Ni bunduki yenye mkono wa chuma chini, palepale kidole kinapovuta triga. Ukiusukuma mkono huo, ganda lililokwisha kutumika huruka nje. Ukiurudisha, risasi nyingine huingia mahali pake. Aliyeibuni ni John Moses Browning wa Ogden, Utah, na iliundwa katika kiwanda cha New Haven, Connecticut, mpaka kiwanda hicho kilipofungwa mwaka 2006. Zilitoka zaidi ya milioni 7. Mwaka 1895 ilipewa risasi ya .30-30 yenye baruti isiyotoa moshi mwingi, na kwa wawindaji wa milima hii hakuna risasi inayofahamika kuliko hiyo. Risasi zake kwa kawaida zina ncha bapa, na bapa hilo lina sababu: ndani ya magazini zinakaa kwa mstari, ncha ya moja ikigusa kitako cha iliyo mbele yake. Ncha kali ingeweza kugonga fataki ya mwenzake na kuilipua.

Ya kwanza ilikuwa ya baba yake baba mkwe, aliyeinunua alipoachiwa jeshini baada ya Vita Kuu ya Pili. Haina urembo wowote. Mbao ya kitako ni ya mti wa jozi, imepigwa weusi na jasho, na chuma chake kimepauka. Ya pili baba mkwe aliinunua mwenyewe mwaka 1966, alipokuwa kijana aliyeoa karibuni. Mwaka huo Winchester walikuwa wakisherehekea miaka 100 ya bunduki yao ya 1866, wakatoa toleo la ukumbusho: mtutu wa pembe nane, mwili uliochovywa dhahabu, kitako kilichokatwa kwa umbo la hilali. Akaiingiza nyumbani ikiwa ndani ya boksi lake, na boksi halikutoka darini isipokuwa kwa Krismasi, watoto walipoomba kuiona. Ruhusa ilikuwa ya kutazama tu.

Nilipopelekwa kwake kwa mara ya kwanza kutambulishwa, nilitarajia maswali kuhusu wazazi wangu na kazi yangu. Aliniuliza kuhusu Mombasa, kwa sababu Theodore Roosevelt alishuka meli pale Aprili 1909 akiwa na Winchester ya modeli ya 1895, risasi .405, aliyoisifu sana kwa simba. Baba mkwe aliijua safari ile kituo kwa kituo, pamoja na kile kiti kilichofungwa mbele ya injini ya treni ili Roosevelt aone wanyama wa nyanda. Tukazungumza mpaka chakula kikapoa. Tangu jioni ile nilimpenda mzee yule, na ninapoandika habari za bunduki zake namwandika yeye.

Ugomvi ulianza mama mkwe alipoiuza nyumba kubwa. Bunduki zikaja kwetu kwa kuwa sisi ndio wenye sefu. Siku hiyohiyo mume wangu akasema msimu wa kulungu ukifika ataingia msituni na ile ya dhahabu. Shemeji akasimama. Kwake ile si bunduki tena, ni akiba. Baba aliitunza miaka yote hiyo bila kuifyatua ili siku moja isomeshe wajukuu. Ukiingiza risasi moja tu umeiondoa katika kundi la mpya na kuitia katika kundi la zilizotumika, na kutoka huko hairudi. Mume wangu akajibu kwamba chombo kilichoundwa ili kipige na hakijapiga ni chombo ambacho hakijazaliwa. Wifi yangu, mwenye watoto wadogo, alitaka jambo moja, kwamba risasi zifungiwe chumba kingine na ufunguo ukae kwa mtu mzima. Hilo lilikubaliwa papo hapo, na lilikuwa la mwisho kukubaliwa kwa miezi.

Shemeji alileta na ushahidi. Mwezi Novemba 2014 mwanaakiolojia wa hifadhi ya Great Basin, Nevada, alikuta Winchester ya modeli ya 1873 imeegemea mreteni msituni, kitako kimezama ardhini, mbao imepasuka na kugeuka rangi ya jivu. Rekodi zilionyesha iliacha ghala la kiwanda mwaka 1882. Ikapelekwa jumba la makumbusho la Cody, Wyoming, ikapigwa eksirei hospitalini kama mgonjwa, na ndani ya kitako ikaonekana risasi moja iliyofichwa. Wataalamu hawakuisafisha ing'ae, wala hawakuibadilisha mbao. Waliimarisha tu nyufa zisiendelee. "Mnaona?" alisema shemeji. "Wenye akili huhifadhi."

Mimi niliona kinyume chake, nikamwambia. Bunduki ile watu wanapanga foleni kuitazama kwa sababu kuna mtu aliitumia, akaiegemeza pale, akaenda zake. Thamani yake imo katika kila mkwaruzo. Ya dhahabu ilikuwa haina mtu ndani yake. Shemeji alininyamazia, na kwa mila za nyumba hii kunyamaziwa ni jibu zito kuliko kukemewa.

Hatimaye tulizipeleka zote mbili kwa fundi wa bunduki mwenye umri wa baba mkwe. Alivaa miwani, akaikagua ya dhahabu kwa heshima, kisha akatueleza bila kutuzungusha. Toleo lile la 1966 lilitoka zaidi ya 100,000. Karibu kila mnunuzi alifikiri kama baba mkwe, akaihifadhi ndani ya boksi, na ndiyo maana mpaka leo sokoni zipo tele, nyingi zikiwa mpya. Kitu kikihifadhiwa na watu wote hakiwi adimu. Isitoshe, mwaka 1964 kiwanda kilipunguza gharama, vipande vilivyokuwa vikichongwa kutoka chuma kizima vikaanza kupigwa kwa mashine kutoka bamba, na wakusanyaji wanahesabu bunduki kwa mwaka huo: za kabla ya sitini na nne, na za baada. Chini ya dhahabu yetu kulikuwa na vipande vya baada. Ile iliyopauka, tuliyoibeba tu kwa kuwa ilikuwa sefuni, ndiyo aliyoishika kwa muda mrefu. Ni ya kabla, imetimia, hakuna skrubu iliyoharibiwa wala mkono wa fundi mbovu uliopita juu yake. "Hii," alisema, "msiiguse kwa chochote zaidi ya kitambaa chenye mafuta kidogo."

Ungedhani hapo mambo yangeisha. Shemeji alirudi na huzuni ya mtu aliyeibiwa. Akaomba ile ya dhahabu ikae kwake, angalau yeye ataendelea kuitunza kama baba alivyotunza. Mume wangu akamwachia. Akaiweka katika chumba cha chini ya ardhi, ndani ya boksi lake, juu ya rafu, karibu na tangi la maji ya moto.

Tangi lile lilipasuka usiku wa baridi, wakati yeye na familia yake wako safarini. Waliporudi walikuta maji yamesimama chini na unyevu umepanda kila ukuta. Rafu ilikuwa imeinama. Boksi la karatasi ngumu limelowa na kufumuka, kijitabu cha kiwandani kimekuwa uji, na juu ya mtutu wa pembe nane kutu imeanza kuchipua. Wakusanyaji hununua bunduki ya ukumbusho pamoja na boksi, karatasi na kibandiko chake. Vikipotea hivyo, nusu ya sababu ya kuihifadhi imekwenda navyo. Shemeji alijua. Kwa uchungu akachukua nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, akaanza kuiondoa kutu kwa nguvu zake zote. Kutu ilitoka. Ilitoka pamoja na weusi wa chuma, ambao si rangi ya kupakwa bali ni kutu nyingine iliyotulizwa kwa dawa ili ikilinde chuma, na kwenye kingo za mwili dhahabu nayo ikaondoka, kwa kuwa ilikuwa utando mwembamba tu tangu mwanzo.

Alikuja kwetu akiwa ameikumbatia, macho mekundu, na nyuzi zile bado zimo mfukoni. Akataka tumpe na ile ya zamani aiondolee madoa kabla nayo haijaharibika. Alikuwa anazungumza kwa hofu, kama mtu aliyeona nyumba moja ikiungua akakimbilia kuimwagia ya jirani maji.

Mama mkwe alikuwa kwetu jioni hiyo. Katika ugomvi wote hakuwa ameshika upande wowote. Aliiomba ile ya zamani, akaishika kwa mkono mmoja katikati, chini ya mwili wa chuma, palipo na uzani sawa. Pale chuma ni cheupe kabisa, weusi umelika mpaka mwisho. "Hapa ndipo alipoibebea," alimwambia mwanawe. "Baba yenu, na babu yenu kabla yake. Mkono mtupu hata kwenye theluji, kwa sababu glavu ilimzuia kusikia chuma. Ukipasugua hapa utanifutia mume wangu." Kisha akamshika shemeji kichwa, mtu mzima mwenye mvi, akakiweka begani pake.

Kuhusu ile ya dhahabu alisema jambo ambalo wanawe hawakuwahi kulisikia. Mwaka ule wa 1966 aliudhika ilipoingia nyumbani. Fedha zilikuwa chache. Mumewe alimwahidi kwamba wataifyatua pamoja siku ya kutimiza miaka 25 ya ndoa, na siku ilipofika mzee akaona bei zimeanza kupanda, akaahirisha. Hakuahirisha kwa tamaa, alisema mama. Alikuwa mtoto wa watu waliowahi kulala njaa, na kwake kitu kipya ndani ya boksi kilikuwa amani ya moyo. Lakini yeye alikuwa akingoja.

Fundi aliikagua upya, akahakikisha mtutu uko wazi na mtambo unafunga sawasawa, kutu imeishia juu tu. Tukaenda uwanja wa shabaha sote, wifi na watoto pia, masikio yamezibwa. Mama mkwe alipiga wa kwanza. Bega lilirudi nyuma, akausukuma mkono wa chuma bila kuambiwa, ganda likaruka, akapiga ya pili, ya tatu. Alilia na kucheka kwa wakati mmoja. Shemeji ndiye aliyekuwa akimwekea risasi, na ndiye aliyeyaokota maganda.

Mimi nimesimama na waliosema ipigwe, na nasema hivyo bila kigugumizi. Bunduki yenye historia ihifadhiwe, isisuguliwe, isipakwe upya. Anayetaka kuisikia aifyatue kwa uangalifu, mara chache, uwanjani, halafu mtutu usafishwe na basi. Isiyo na historia ipewe nafasi ya kuipata. Kinachoziua zote mbili ni unyevu, ala ya ngozi inayotunza chumvi, na mikono yenye haraka ya kuzifanya zing'ae.

Rekodi za kiwanda zilizohifadhiwa Cody, kwa modeli hii, zinaishia kwenye bunduki za zamani kuliko yetu, hivyo hakuna barua ya makumbusho itakayoisemea. Kwa hiyo tumeandika yetu. Mama mkwe alisema, mimi nikaandika: namba ya bunduki, nani aliinunua, msimu gani, mteremko upi, na kwa nini pale katikati pameliwa. Nakala zimekwenda kwa watoto wake wote watatu. Ya zamani itapokewa na binti wa wifi akishamaliza mafunzo ya uwindaji yanayotakiwa na jimbo kabla ya leseni ya kwanza. Ya dhahabu ilipewa karatasi yake pia, iliyokuwa na mistari michache ya siku ya uwanjani. Jumamosi baada ya Sikukuu ya Shukrani, msimu ulipofunguliwa, shemeji aliingia nayo msituni pamoja na mume wangu. Jioni alinipigia simu kabla hajamchuna kulungu wake, nichukue kalamu: dume, kando ya kijito, risasi moja.