Paka, Mama Mkwe na Kirikuu cha Miche

Paka wetu, Sultani, hali dagaa. Ukimwekea, ananusa, anakutazama usoni, kisha anaondoka zake kama mgeni aliyeandaliwa kiporo. Anataka changu, tena aliyetolewa miiba. Lakini huyu huyu mwenye madaha, mwachie jani lolote lililopandwa kwenye chungu, atalitafuna mpaka kikonyo.

Na majani nyumbani kwetu Tanga hayakosekani. Mama mkwe alipokuja kukaa nasi alishusha begi moja la nguo na kirikuu kizima cha miche.

Alasiri moja Sultani akaanza kutokwa na udenda. Si ule wa kutamani samaki. Huu ulining'inia kidevuni nyuzi nyuzi, ulimi uko nje, na yeye anajifuta mdomo kwa mguu wa mbele, anafuta tena, hautoki. Jirani aliyekuja kuomba kibiriti akamwona, akapiga ukelele: "Kichaa cha mbwa!" Ua ukabaki mweupe. Shangazi, ambaye magoti yake hayamruhusu hata kupanda daladala, tulimkuta juu ya meza ya kulia. Kutoka huko juu akatoa maelekezo: kwanza huyo ni jini, pili apewe maziwa. Kwetu pwani maziwa ni dawa ya kila kilichomezwa.

Nikampigia simu bwana mifugo, mtu ambaye maisha yake yote ni ng'ombe. Akaja na mabuti ya mpira, akafungua daftari.

"Wa kienyeji au wa kisasa?"

"Wa kienyeji."

"Mnamfugia ndani au anachungwa?"

Nikamwambia anajichunga mwenyewe, na hapo ndipo tatizo lilipo.

Lakini tumpe haki yake, kazi anaijua. Alimzungushia Sultani taulo, akamfunua mdomo, akatazama fizi zilivyoiva, kisha akaenda moja kwa moja barazani kwenye difenbakia, lile ua la majani mapana yenye madoa meupe ambalo halikosi kwenye mapokezi ya ofisi. Jani moja lilikuwa na pengo la meno. Majani yale, alisema, yamejaa vichembe vya kalsiamu oksaleti vilivyochongoka. Ukitafuna vinachoma ulimi na koo, mdomo unavimba. Hata binadamu anaweza kukaukiwa sauti kwa muda. Nilimwona mke wangu akimtazama shangazi, kisha akilitazama jani.

Sultani akaoshwa mdomo kwa maji, akaambiwa atapona. Sisi tukatembezwa bustanini kwetu wenyewe. Oleanda ya uani: sumu ya moyo. Waridi la jangwani, fahari ya mama mkwe: sumu ya namna hiyo hiyo, na utomvu wake watu wameupaka kwenye mishale ya kuwindia. Saikasi ya getini: inaua ini, na mbegu ndizo mbaya zaidi. Ua wa minyaa: utomvu wake unachoma macho na mdomo. Hata mshubiri, ambao mama mkwe anajipaka usoni kila Ijumaa, paka akiula anatapika na kuhara. Vilivyosalimika ni asumini, waridi na mrihani, yaani vya kutungia kikuba tu.

"Mimi nimefuga paka tangu enzi za Nyerere," mama mkwe akasema, "hajafa hata mmoja kwa ua."

"Walikuwa wanakufa na nini, mama?"

"Hawakuwa wanakufa. Walikuwa hawarudi tu."

Bwana mifugo akafunga daftari, akaomba maji ya kunywa. Alipoingia sebuleni akasahau kiu. Mezani palikuwa na chombo cha maua ya lili yaliyotoka harusini, meupe, yananukia nyumba nzima, na unga wa manjano umedondokea kitambaa. Mzaha ukamtoka. Mbwa akila lili, alisema, mara nyingi ataumwa tumbo yaishe. Paka ni figo. Jani, ua, hata ile chavua ikimwangukia kwenye manyoya akajilamba, hata maji ya kwenye chombo. Anatapika, anaacha kula, pengine anaonekana kapata nafuu, nanyi mnashukuru Mungu. Kumbe ndani ya siku 1 hadi 3 figo zimekufa. Kinachomwokoa ni kuwahi kutundikiwa dripu kabla dalili hazijakomaa.

Mama mkwe hakubisha. Aliyabeba mwenyewe mpaka kwa mwenye duka wa mtaa wa pili, ambaye anafuga kasuku.

Sasa wewe mwenye paka, kama kuna lili ndani, yatoe leo, na maji yake yamwage chooni, usiyamwage uani. Ukishuku kayagusa, usingoje atokwe na udenda wala usihangaike na maziwa. Mtie kwenye kapu, umpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, na jani alilotafuna ulichukue.