Dakika Moja ya Mmarekani

Sisi tuliohamia huku Ohio tunasimangwa sana kwa jambo moja: saa. Unaalika watu pilau saa kumi, Mmarekani anagonga mlango saa kumi kamili, chupa ya mvinyo mkononi, wakati mama watoto bado yuko na kanga na mchele haujaoshwa. Kazini ukichelewa kidogo tu, msimamizi anaitazama saa ya ukutani, halafu anakutazama wewe, halafu saa tena. Mtu mzima unajiona mtoto wa chekechea.

Nimevumilia. Lakini Machi ikifika, nami nina maneno yangu.

Machi ni mwezi wa mashindano ya taifa ya mpira wa kikapu ya wanaume wa vyuo vikuu. Timu 68, na ukifungwa mara moja unafungasha virago. Wenyewe wanayaita Wazimu wa Machi, ila fainali huchezwa Aprili. Watu wanaonidai dakika zangu hawawezi hata kuumaliza mwezi ndani ya mwezi!

Alhamisi na Ijumaa za raundi ya kwanza kuna mechi 16 kila siku, na zinaanza adhuhuri, saa za kazi. Ofisi nzima imejaza mikeka ya kubashiri washindi. Msimamizi yule yule wa saa ya ukutani amejifungia na kompyuta, anaguna peke yake. Msidhani nasingizia: matangazo ya mtandaoni ya mashindano haya yaliwahi kuwekewa kitufe cha bosi, ukikibonyeza mechi inafichwa na jedwali la hesabu za uongo. Mimi nikienda kuswali dakika kumi, kikao kinaitishwa.

Sasa njoo kwenye mechi. Kwenye karatasi ni dakika 40, vipindi viwili vya 20. Mwenye akili atahesabu: ikianza saa moja jioni, saa mbili na nusu nimelala. Thubutu! Dakika 39 za kwanza zinakwenda, hata kama kila baada ya dakika nne hivi mpira unasimama ili runinga ituuzie magari. Tatizo ni ile moja iliyobaki.

Timu iliyo nyuma inacheza faulo makusudi ili saa isimame. Aliyechezewa anakwenda mstarini, anadundadunda mpira, anafumba macho, anautupa. Kocha anaomba mapumziko. Gari. Bima. Gari tena. Wanarudi, faulo nyingine. Mpira unatoka nje, waamuzi watatu wanainamia kiruninga kutafuta ukucha wa nani uliugusa mwisho, kisha wanairudishia saa sehemu mbili za kumi za sekunde. Hata kikapu kikiingia, sheria inataka saa isimame katika dakika hiyo. Wali umepoa, watoto wamelala kwenye kochi, bado sekunde 31. Na wakitoka sare, wanaongezewa dakika tano.

Utasema nizime nikalale. Siwezi, na wa kulaumiwa ni Hasheem Thabeet. Kijana wetu wa Dar, mita 2.21, aliifikisha Connecticut nusu fainali mwaka 2009, wakafungwa na Michigan State 82 kwa 73. Tangu hapo ugonjwa umeniingia. Halafu likatokea la 2016. Fainali, Houston: Marcus Paige wa North Carolina anasawazisha, 74 kwa 74, zimebaki sekunde 4.7. Kwetu muda huo hautoshi hata kuitikia hodi. Villanova wakauvusha mpira uwanja mzima, Ryan Arcidiacono akamwachia Kris Jenkins, naye akaachia kutoka mbali, 77 kwa 74, kwisha habari. Baada ya kuona kitu kama kile, nani atathubutu kuzima runinga?

Faraja yangu ni mikeka yao. Mwaka 2018 Virginia, timu iliyopangwa ya kwanza kuliko zote, ilichapwa 74 kwa 54 na UMBC, chuo ambacho wengi ofisini hawakujua kiko jimbo gani. Mikeka ilichanika nchi nzima.

Kwa hiyo, ndugu yangu mgeni wa huku, Mmarekani akikwambia, “Kaa kidogo, imebaki dakika moja,” vua viatu, omba chai, na mpigie simu mkeo asikusubiri.