Zanzibar ya Bure, Kutokea Kiomboi

Likizo ya zawadi ni safari ambayo mshindi wake hulipia kila kitu isipokuwa kitanda. Mfano wa karibuni kabisa unapatikana Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba, ambako mwalimu mmoja tangu wiki iliyopita haitwi tena kwa jina lake. Akipita sokoni ni Mzanzibari. Wanafunzi humwamkia "Shikamoo, Unguja" kisha hukimbia. Muuza nyanya, ambaye miaka yote amekuwa akimkopesha, sasa anadai taslimu, maana mtu anayekwenda kuogelea baharini hawezi kukosa elfu moja ya nyanya. Unga wa rangi ya fedha wa ile kadi bado umo chini ya ukucha wa kidole gumba chake.

Kisa chake kilipita njia ambayo visa vya aina hii hupita kote. Gari la matangazo lilifika siku ya mnada, spika zikiwa kubwa kuliko gari lenyewe. Vijana waliovaa fulana na kofia za rangi moja walitangaza ofa: nunua sabuni, pata kadi, kwangua, ushinde. Mwalimu alinunua sabuni ya unga ya kumfikisha Krismasi, akapewa kadi tatu. Mbili zilimtakia heri siku nyingine. Ya tatu iliandikwa: Zanzibar, siku tatu, usiku mbili, watu wawili. Chini yake, kwa herufi ambazo sisimizi angehitaji miwani kuzisoma, ilikuwepo sentensi ambayo kila Mtanzania ameisikia redioni ikisomwa kwa pumzi moja: vigezo na masharti kuzingatiwa.

Kadi hiyo, kama kitu cha kiwandani, inastahili heshima kuliko inayopewa. Mkwanguaji huona karatasi na rangi tu, lakini chini ya ukucha wake kuna tabaka kadhaa zilizopangwa kwa makusudi. Kwanza huja karatasi ngumu. Juu yake hupakwa wino mweusi wa kuzuia mwanga, ili mjanja asiweke kadi kwenye tochi akasoma kilichomo. Kisha huchapwa maandishi au namba. Kisha hupakwa vanishi angavu, ambayo ndiyo siri ya kazi yote, kwa kuwa bila hiyo ukucha ungeondoka na rangi pamoja na namba. Mwisho huja wino wa mpira wenye rangi ya fedha, laini kiasi cha kubanduka kwa sarafu, mgumu kiasi cha kuvumilia mfuko wa suruali. Kadi za bahati nasibu za aina hii zilianza kuuzwa mwaka 1974 katika jimbo la Massachusetts, Marekani, kutokana na kazi ya John Koza na Daniel Bower. Kabla yao mchezaji alinunua tiketi akasubiri droo, na katika kusubiri huko akili ilipata nafasi ya kumrudia. Koza na Bower waliuondoa muda huo. Watanzania kwa upande wao walipata mafunzo kupitia vocha za simu: kwa miaka mingi nchi nzima ilikwangua, na aliyekwangua kwa pupa akafuta tarakimu moja alijifunza subira kwa gharama yake mwenyewe.

Ustadi huo wote haujazuia binadamu kuchungulia. Mwaka 2003 mtaalamu wa takwimu za kijiolojia wa Toronto, Mohan Srivastava, ambaye kazi yake ilikuwa kukadiria dhahabu iliyo ardhini, aligundua kwamba namba zilizoachwa wazi kwenye aina moja ya kadi za jimbo la Ontario zilitosha kumwambia kilichofichwa. Alizitenga kadi ishirini kabla ya kukwanguliwa, akapatia kumi na tisa, na mchezo ule ukaondolewa madukani. Alikuwa ameshapiga hesabu akaona mshahara wake unalipa zaidi kuliko kuzunguka maduka akichagua kadi. Iramba, ambayo Wajerumani walianza kuchimba dhahabu yake Sekenke mwaka 1909, inaweza kumwelewa mtu wa namna hiyo: anayejua miamba hahangaiki na karatasi.

Lakini hata Srivastava asingefanya lolote na kadi ya likizo, kwa sababu haina kilichofichwa cha kuvumbua. Katika bahati nasibu ya fedha zawadi kubwa lazima ziwe chache, la sivyo mwenye mchezo anafilisika. Katika kadi ya likizo hakuna ulazima huo. Ikiwa kila mshindi ataleta ada, atalala kwenye chumba ambacho kingebaki kitupu, na atakula kwenye mgahawa wa hoteli hiyohiyo, basi anayetoa zawadi anatamani washindi wengi iwezekanavyo. Kukwangua kunabaki kuwa sherehe. Katika visiwa vya Canary, Hispania, vijana wa mitaani wamewakwangulisha watalii kadi za namna hii kwa miongo kadhaa, na "zawadi kuu" huwa iko hotelini, mwisho wa mkutano mrefu wa kuuziwa hisa za nyumba ya likizo. Ni baada ya watu wengi kutia saini huku wakitamani kwenda chooni ndipo Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2008, ulipompa mnunuzi siku 14 za kubadili mawazo.

Kiomboi haikuwa na mkutano. Ilikuwa na spika. Jina la mwalimu lilitangazwa mnadani mara nne, na hapo ndipo gharama ya kwanza ilipoingia, kwa kuwa mtu aliyetangazwa hawezi kurudi nyumbani bila kuwanywesha wenzake soda. Kreti lilichukuliwa kwa mkopo. Mama mkwe alipiga simu kutoka Shelui kuuliza kama watu wawili maana yake ni lazima wawe mume na mke. Walimu wenzake waliagiza halua na karafuu, na mmoja akaagiza urojo, bila kufafanua ungesafirije. Mke wa mshindi alisuka siku hiyohiyo, na msuko wa safari haufumuliwi kwa sababu ya simu moja.

Simu yenyewe ilikuja kesho yake.

"Hongera sana, mwalimu wetu. Hoteli ni bure kabisa, mtajitegemea usafiri tu hadi bandarini."

"Bandari ya wapi, dada?"

"Dar es Salaam, mwalimu."

"Na kutoka bandarini?"

"Boti pia mtajitegemea. Ila ukifika kule, chumba ni chako."

"Na chakula?"

"Chumba tu, mwalimu. Chai inapatikana palepale kwa bei nafuu."

Dada yule alikuwa na adabu nzuri, jambo linaloongeza uchungu. Aliendelea kueleza kwamba kuna ada ya kuhifadhi nafasi, hairudishwi. Kwamba zawadi haihamishiki wala haibadilishwi kwa fedha. Na kwamba tarehe zilizopo ni za Aprili na Mei. Hiyo ndiyo miezi ya masika Unguja, wakati mvua humwagika, baadhi ya hoteli hufunga kabisa, na zilizobaki wazi hushusha bei hata kwa mtu asiyekwangua chochote.

Hesabu ya zawadi hiyo inaweza kufanywa na yeyote mwenye kalamu. Njia mojawapo kutoka mkoa wa Singida ni basi hadi Dodoma, kisha treni ya SGR, ambayo ilianza kubeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam Julai 2024 kwa nauli ya shilingi 31,000 katika daraja la kawaida. Kutoka Singida mjini hadi Dodoma ni kilomita 240 hivi. Kwa kiwango cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, cha Desemba 2023 cha shilingi 48.47 kwa kilomita kwa basi la kawaida, hiyo ni karibu shilingi 11,600. Watu wawili, kwenda na kurudi: treni 124,000, basi 46,400. Jumla 170,400, na hapo wasafiri bado hawajatoka Kiomboi kwenda Misigiri kushika barabara kuu, hawajalala gesti Dar es Salaam wakisubiri boti ya asubuhi, hawajapanda boti yenyewe, hawajalipa ada ya nafasi, wala hawajanywa chai. Mwalimu aliandika tarakimu hizo nyuma ya daftari la mahudhurio, akachora mstari, akaacha chini ya mstari pakiwa patupu.

Hapa kicheko kinapungua. Mtu wa Kigamboni akikwangua kadi ileile, kwa sabuni ileile, anavuka kwa pantoni, anatembea hadi kwenye boti, na jioni yuko Forodhani akila pweza. Kwake zawadi ni zawadi. Kadri mshindi anavyoishi mbali na bandari, ndivyo zawadi inavyogeuka kuwa bili. Na sabuni? Sabuni ilisafirishwa kutoka Dar es Salaam hadi Kiomboi, na gharama ya safari hiyo imo kwenye bei, aliilipa mnunuzi. Sasa mnunuzi naye anatakiwa kusafiri kutoka Kiomboi hadi Dar es Salaam, na gharama ya safari hiyo anailipa mnunuzi. Mtu wa bara hulipa nauli ya sabuni, kisha nauli yake mwenyewe, na katikati anapigwa picha akitabasamu na fulana ya kampuni.

Uingereza ilipeleka swali la nani agharimie zawadi mahakamani. Oktoba 18, 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, Luxembourg, ilitoa uamuzi katika shauri la Purely Creative na wenzake dhidi ya mamlaka ya Uingereza ya kusimamia biashara ya haki. Kampuni hizo zilitia kadi za kukwangua kwenye magazeti na barua. Aliyetaka kujua ameshinda nini alipiga simu ya pauni 1.50 kwa dakika, na katika hiyo kampuni ilichukua pauni 1.21. Mpigaji alielezwa muda wa juu kabisa wa simu. Hakuelezwa kwamba muda wa chini kabisa ulipungua kwa sekunde chache tu. Zawadi mojawapo ilikuwa safari ya meli katika Bahari ya Mediterania, ambayo mshindi alitakiwa kujilipia bima, nyongeza ya chumba, chakula na ada za bandari. Kwa wanandoa wawili na wenzao wawili, hesabu ilifika pauni 399 kwa kila kichwa. Mahakama ilisema mshindi asitozwe hata senti, hata kama ni bei ya stempu, ili kupata kilichoitwa zawadi.

Uamuzi huo ungempendeza mwalimu, kama si kifungu kimoja. Mahakama ilieleza kwamba zawadi ikitajwa kuwa tiketi ya kuingia kwenye tukio, kwa mfano mechi ya mpira, nauli ya kutoka nyumbani hadi uwanjani haimo ndani yake. Hata Luxembourg, basi, mtu wa Kiomboi angeshinda kesi ya chumba na kushindwa ya barabara.

Kampuni zinazojitetea kwamba nauli haziwezekani zina ushahidi mmoja wa nguvu. Mwaka 1992 Hoover ya Uingereza ilimwahidi kila mnunuzi wa bidhaa za pauni 100 tiketi mbili za ndege, mwishowe hata za kwenda Marekani. Watu walinunua mashine za kufagia wasizozihitaji, wakaziacha kwenye maboksi, wakadai tiketi. Hasara ilikaribia pauni milioni 50, na mwaka 1995 kampuni hiyo ya Ulaya ikauzwa kwa Candy ya Italia. Safari ikiwa ya bure kweli, anayeumia ni mtoaji. Ndiyo maana hutolewa mara chache.

Zawadi huharibika kwa njia nyingine pia. Ufilipino, mwaka huohuo wa 1992, Pepsi ilitangaza vizibo vyenye namba 349 kuwa vya ushindi, kumbe vilikuwa vimechapwa kwa mamia ya maelfu, zikatokea ghasia. Kuna pia zawadi ya redio isiyo na betri. Na kuna ujumbe wa simu unaompongeza mtu kwa droo ambayo hakucheza na kumtaka atume ada "na ya kutolea". Huo ni wizi mtupu, na namba yake hutumwa 15040 ili TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iishughulikie.

Tanzania haikosi sheria. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, husimamia droo na promosheni, na ofisa wake huonekana kwenye karibu kila picha ya gazeti ya droo, amesimama pembeni, uso umekauka, akihakikisha karatasi imechotwa kihalali. Sheria ya Ushindani, nayo ya 2003, inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo mlinzi wake. Kuchotwa kwa karatasi kuna shahidi. Safari ya kutoka kwenye karatasi hadi kwenye kitanda haina. Mshindi anaweza kulinda haki yake kwa kuuliza, kabla ya kutaja jina lake mbele ya spika, mambo matatu tu: nani analipa nauli, chumba kina chakula, na miezi ni ipi. Mwalimu wa Kiomboi hatasafiri. Sabuni ipo, kreti la soda bado linadaiwa.

Wachapishaji wa kadi hizi wanaombwa jambo dogo, ambalo halihitaji hata kuongeza karatasi. Pale palipoandikwa vigezo na masharti, waongeze mstari mmoja kwa herufi za kawaida, unaosema zawadi hii inaanzia stendi ya wapi.