Arua Ipi?

Upo mchezo wa kompyuta uitwao Civilization, ulioanza kuuzwa mwaka 1991 kwa kazi ya Sid Meier na wenziwe huko Marekani, ambao ndani yake kijana asiyeweza hata kumwamuru mbuzi wa jirani atoke katika bustani ya mama yake hukabidhiwa dola nzima, akajenga miji, akaunda majeshi, akafunga mapatano na kuyavunja kabla ya wino kukauka, na akaitawala kaumu yake kwa muda wa miaka elfu sita bila ya kuota mvi hata moja. Mpwa wangu, ambaye aila yetu yote ilitaraji kwamba angekuwa mhasibu, amekuwa badala yake Sultani wa Waturuki. Na makao yake makuu ni chumba cha nyuma cha duka la kuchapa barua na kufufua simu zilizokufa, katika mtaa wa Bazaar hapa Arua, Uganda, ambamo hasimu wake, mwana wa fundi cherehani, huketi mkabala naye akiwa Kaisari wa Bizanti.

Jioni moja ya mwezi wa Shaabani waliniita kuwa kadhi baina yao.

"Mjomba," alisema mpwa wangu, "tunaomba hukumu. Huyu ameniibia mji."

"Sikuiba, Mwalimu," alijibu Kaisari kwa adabu. "Nimeujenga mwenyewe kwa jasho langu."

Nikavaa miwani, nikainama, nikatazama. Katika mchezo huu kila kaumu ina daftari la majina ya miji yake, na mchezaji akianzisha mji mpya jina hushuka kutoka katika daftari hilo kwa zamu, pasina mtu kuulizwa. Sasa Sultani alikuwa na mji uitwao Edirne, na Kaisari, mwendo mfupi tu kutoka hapo, alikuwa na mji uitwao Adrianople, kila mmoja na kuta zake na askari wake wakitazamana kwa chuki, ilhali katika tarikhi ya kweli ni miji ambayo haikupata kuwa miwili hata siku moja: ni mji ule ule, uliobeba jina la Kaisari Hadrian mpaka Waturuki walipoutwaa katika karne ya kumi na nne na kulitamka jina hilo kwa ulimi wao. Mbali kidogo, upande huu palikuwa na Istanbul na upande ule Constantinople, zote mbili zikistawi kwa pamoja, zote mbili zikijisifu kuwa kiti cha enzi.

Nikaona kwamba siku niliyoingojea tangu nilipostaafu kufundisha imewadia. Nikawaeleza jinsi Kaisari Constantine alivyouzindua mji wake mwaka 330. Jinsi Sultani Mehmed wa Pili alivyouingia tarehe 29 Mei 1453. Jinsi majina yote mawili yalivyoishi bega kwa bega karne baada ya karne, hata mwaka 1930 serikali ya Uturuki ikaamua kwamba barua iliyoandikwa Constantinople isifikishwe tena kwa mwenyewe. Nilikuwa ndiyo kwanza naifikia Posta, ambayo ndiyo sehemu tamu kuliko zote, umeme ukakatika. Hakuna aliyekuwa amehifadhi mchezo. Dola mbili zilizoshindwa kuangamizana kwa karne nyingi zikaangamia pamoja katika kiza cha Arua, nami nikabaki peke yangu na mwaka wangu wa 1930 mdomoni.

Wachezaji wa mchezo huu aghalabu huihesabu kadhia hii ya mji mmoja kuwa miwili kuwa kasoro, na hawakosi ushahidi. Katika toleo la kwanza kabisa makao makuu ya Wazulu yaliitwa Zimbabwe, jambo ambalo lingewashangaza Wazulu na kuwaudhi Washona kwa kipimo kimoja. Katika toleo la nne Timbuktu ni kiti cha enzi cha Mali, na Gao imo katika daftari hilo hilo. Katika toleo la tano Gao imekuwa kiti cha enzi cha Songhai, na Timbuktu imehamia huko huko pamoja na mizigo yake. Walioandika madaftari hayo wamelaumiwa sana kwa uvivu. Mimi nasema wametukanwa bure. Mansa Musa alikuwa nayo Timbuktu, na Sunni Ali wa Songhai aliitwaa mwaka 1468; basi yupi kati yao aambiwe kwamba ule haukuwa mji wake? Kama kuna uongo umo katika ramani zetu za ukutani, zile za rangi nzuri, zinazoupa kila mji jina moja na mwenyewe mmoja.

Hebu tuitazame ardhi hii yetu. Iliwahi kuhesabiwa, katika makaratasi angalau, kuwa milki ya Sultani wa Istanbul, maadamu jimbo la Equatoria lilikuwa la Khediwi wa Misri, na Khediwi, kwa adabu ya barua, alikuwa chini ya Sultani. Na liwali wa mwisho wa jimbo hilo, yule Mjerumani aliyejiita Emin Pasha, alikaa Wadelai ukingoni mwa Nile akitengwa na dunia, kwa kuwa wafuasi wa Mahdi walikuwa wamekwisha kuifunga njia ya kwenda Cairo. Kisha, kwa mkataba wa mwaka 1894, Waingereza wakamkodisha Mfalme Leopold wa Ubelgiji nchi hii kwa muda wa uhai wake, ikaitwa Lado kwa jina la kituo kilicho mbali kaskazini, hata babu wa mtu wa Arua akawa mtu wa Lado bila ya kuiona Lado kwa macho. Leopold akafariki Desemba 1909; mwaka uliofuata nchi ikarudishwa Sudani; mwaka 1914 kipande chetu kikakatwa na kutiwa Uganda, na Bwana Weatherhead akafungua boma hapa Arua. Mtu aliyezaliwa katika enzi ya Emin, akaishi makamo tu, angeweza kuwa raia wa dola nne au tano, kwa kutegemea anayehesabu, bila ya kuuhamisha hata mlango wa kibanda chake.

Nilipomsimulia mpwa wangu habari hizi hakuhuzunika. Alikunjua uso, akasema, "Basi, Mjomba, Arua ni yangu kwa haki!" Akaanza pale pale kumdai mwana wa fundi cherehani kodi ya soda.

Lakini kubwa zaidi ni hili la mitaa. Wageni hawalijui, nasi hatuwatahadharishi: katika mji wetu imo mitaa iitwayo Kenya na Tanganyika, na inapakana. Si ajabu kubwa, kwani Dar es Salaam ina Kariakoo yake na Nairobi ina Kariokor yake, zote mbili zikilibeba jina la jeshi la wapagazi wa Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Ila hakuna mtu aliyepata fadhaa kwa sababu ya Kariakoo kama aliyoipata mlamu wangu kutoka Mombasa, alipokuja kututembelea na kuketishwa barazani pamoja na wazee.

"Kenya hakuna maji tangu juzi," alisema mzee mmoja kwa masikitiko.

"Na Tanganyika?"

"Tanganyika yapo, lakini hawataki kuwapa."

Mlamu wangu akanyanyuka kwa heshima, akasogea kando, akampigia simu mkewe Mombasa. Mkewe akamjibu kwamba maji yapo, ya chumvi chumvi kama ilivyo ada, na akamwuliza kama anaumwa. Akarudi kitini akiwa na wajihi wa mtu anayeficha siri ya serikali. Mazungumzo yakaendelea. Ikaelezwa kwamba mwizi wa kuku aliyetoroka Kenya usiku amekamatwa Tanganyika kabla ya alfajiri, angali amevaa kandambili, na kuku angali kwapani.

"Kwa kandambili!" mlamu wangu alishindwa kujizuia. "Alivukia wapi, Namanga au Horohoro?"

"Alivuka mfereji, Bwana," akajibiwa.

Baadaye, tulipokuwa peke yetu, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi nikifahamu kwamba Tanganyika iliungana na Zanzibar mwaka 1964, na tangu hapo haipo." Nikamwambia kwamba huko kwao haipo, bilashaka, lakini huku ipo, ina mwenyekiti wake wa LC, yaani wa baraza la mtaa, na mwenyekiti huyo ni mtu mkali ambaye asingependa kuambiwa kwamba alifutwa tarehe 26 Aprili. Alinyamaza muda mrefu. Nadhani alikuwa akihesabu ni lini basi la kwanza la kurudi Kampala litaondoka.

Kabla hajaondoka nilimchukua Koboko, kwenye harusi ya binti wa rafiki yangu, nikidhani kwamba mwendo wa saa moja na kitu kaskazini utamtuliza. Nia yangu ilikuwa njema. Koboko ni mji wa Wakakwa, na Wakakwa wamekatwa na mipaka sehemu tatu, hata wajomba wa bibi harusi walikuja wengine kutoka Kongo, wengine kutoka Sudani Kusini, na wengine kutoka nyumba ya pili. Na si mbali na hapo, penye Salia Musala, nchi hizo tatu hukutana pahala pamoja. Nikaha ilipangwa saa kumi alasiri. Saa kumi ikafika, ikapita. Biriani likapoa, likapashwa, likapoa tena. Sheikh hakuonekana.

Sheikh, kumbe, alikuwa ameketi nyumba ya jirani akisoma uradi wake kwa utulivu kamili. Simu yake, kwa kuvutwa na mnara wa ng'ambo, ilikuwa imekwisha kujihamishia Kongo bila ya kumwomba rukhusa, na Kongo ya mashariki iko nyuma yetu kwa saa nzima. Alipofuatwa alitazama simu, akatutazama sisi, akasema kwa upole kwamba haraka hutoka kwa shetani. Wajomba wa Kongo wakamuunga mkono, na wale wa Sudani Kusini, ambao serikali yao nayo ilirudisha saa nyuma mwezi Februari 2021, wakawaunga mkono wajomba wa Kongo. Hivyo tukawa tumeshindwa kwa kura, nchini mwetu wenyewe. Bwana harusi, ambaye kwa saa ya Kampala alikuwa mume aliyecheleweshwa, kwa saa ya Bunia huko Kongo alikuwa kapera mwenye nafasi ya kubadili mawazo, na nilimwona akiitafakari nafasi hiyo.

Mlamu wangu alicheka sana siku ile, kwa mara ya kwanza tangu afike. Akarejea Mombasa na mapenzi, akaahidi kwamba atatuletea tende za Ramadhani. Nami, kwa kuwa ahadi za wageni wanaoaga huwa ni sehemu ya kwaheri tu, sikuzitia maanani.

Tende zilitumwa. Alinipigia simu siku za mwisho za Shaabani kunijulisha kwamba katoni imetoka, imeandikwa vizuri kwa kalamu ya wino, "Mwalimu Haji, karibu na msikiti, Arua," na nambari yangu ya simu chini yake. Nikangoja. Ramadhani ikaandama. Nikaenda ofisi ya mabasi, nikamkuta karani mwenye adabu, aliyefungua daftari lake na kunionyesha kwa kidole.

"Mzee, mzigo wako umefika Arua."

"Alhamdulillahi. Basi nipe."

"Haupo hapa."

"Mwanangu, Arua si ndiyo hii?"

"Hii ni Arua yenyewe, Mzee. Umefika Arua Park."

Msomaji asiyeijua Kampala na aelewe kwamba kule, katikati ya mji, pana mahali paitwapo Arua Park, penye mabasi na malori na wachuuzi wa kila namna, na kwamba mtu wa Kampala akisema anakwenda Arua huenda hatatoka hata nje ya kata yake. Tende zangu zilikuwa huko, kilomita mia nne na zaidi kutoka kinywani mwangu, zikihesabiwa kuwa zimefika. Karani akaahidi kwamba zitapakiwa. Zikapakiwa kweli, juu ya lori, chini ya mvua. Na mvua, katika hekima yake, ikaosha herufi moja tu katika anuani nzima, ile ya mwisho.

Ng'ambo ya mpaka wa Vurra, upande wa Kongo, uko mji uitwao Aru. Aru nayo ina msikiti, na karibu na msikiti huo anaishi mwalimu, na mwalimu huyo amekwisha kuhiji. Utingo wa lori, ambaye simlaumu hata chembe, alisoma kilichoandikwa, akavuka mpaka, akauliza, akaonyeshwa nyumba, akakabidhi.

Sisi tulifuturu kwa uji na mihogo. Katika kumi la mwisho simu yangu ililia, na sauti nisiyoijua, ya mtu mzima, ikanisalimu kwa salamu ndefu iliyowauliza hadi kuku wangu.

"Mwalimu," ikasema, "tunawashukuru sana kwa tende. Nambari yenu tuliikuta juu ya katoni. Familia ilikula, majirani walikula, Mungu awabariki. Mwaka kesho, kama inawezekana, mutume mbili, watu huku ni wengi."

Nilitafuta neno la kusema. Yeye hakuwa amemaliza.

"Na ile barua ya ndani tuliisoma. Ndugu yenu anauliza kama Kenya walipata maji. Sisi hatuna habari za Kenya, Mwalimu. Lakini tuliwaombea."