Baraza la North Yorkshire, njooni Uvira mjifunze

Kwa Waheshimiwa Madiwani,
Baraza la North Yorkshire, Uingereza.

Salamu kutoka Uvira, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, ng'ambo ya Bujumbura. Pengine hamtujui, ila sifa zenu zimetufikia. Mwezi Mei 2024 tulisikia mmekata shauri: vibao vipya vya barabara visiwe tena na ritifaa, ile alama inayoning'inia kati ya herufi. Sababu mliyotoa ni kwamba kompyuta zinazotunza anwani zinaweza kuchanganyikiwa zikikutana nayo. Tungewapa pole mapema, lakini siku zilezile ziwa lilikuwa limepanda na kuingia majumbani mwetu na katika bandari ya Kalundu. Barabara zetu nyingine zilipotea pamoja na majina yake, na ritifaa ikawa ya mwisho kutafutwa.

Tulipopata pa kuketi na kuandika, tukaambiwa mmegeuza shauri na ritifaa imerudi. Waheshimiwa, mbona mmechoka upesi? Cambridge nao walijaribu, wakarudi nyuma mwaka 2014. Waigeni Wamarekani: bodi yao ya majina ya mahali iliundwa mwaka 1890, na mpaka leo imekubali ritifaa ya umiliki katika majina matano tu ya nchi nzima. Lakini hata wao wamehitaji bodi. Uvira tumefika huko bila bodi, bila kikao wala posho ya kikao.

Kwa miaka mingi wataalamu wamekuja kwetu na magari meupe yenye antena ndefu, wakatuwekea semina za kutujengea uwezo. Sasa ni zamu yetu. Tunawaalika kwenye mafunzo yafuatayo.

Somo la kwanza litafanyika ukutani, mchana kweupe. Mtaona maandishi makubwa ya rangi nyekundu: DEFENSE DURINER ICI, yaani ni marufuku kukojoa hapa. Kifaransa cha shuleni kinadai ritifaa baada ya D. Fundi wa rangi haoni faida yake: kopo la rangi ni ghali, na aliyebanwa na mkojo hasimami kukagua tahajia. Lakini tazameni mstari wa chini, penye faini: 10.000 FC. Nukta ya elfu imekaa pale pale inapostahili. Hiyo haijawahi kusahauliwa.

Somo la pili ni kwenye viwanja. Kwa kuwa hapa kwetu Kongo kiwanja kimoja kinaweza kuuzwa kwa watu watatu wakati mwenyewe yuko safarini, watu huandika ukutani kwamba hakiuzwi. Kifaransa kamili kingehitaji ritifaa. Mwenye kiwanja hukwepa yote na kuandika PAS A VENDRE, kisha akamwacha shemeji yake alale humo. Shemeji ndiye kinga. Maandishi ni ya kumsaidia tu.

Somo la tatu ni buchani. Kibao kinasema NYAMA YA NGOMBE, na kila mteja anaisoma kwa sauti yake sahihi, kwa sababu alimjua ng'ombe kabla ya kujua kusoma. Macho yake yako kwenye mizani.

Baada ya hapo tutawaonyesha mahali ambapo hata sisi hatuichezei alama hii. Jirani zetu Bashi, ambao wengi tunaishi nao hapa mjini, wana desturi ya kumwandika msichana kwa M, ritifaa, kisha jina la baba: M'Birindwa, yaani binti wa Birindwa. Kompyuta ikiikataa alama hiyo, kadi ya mpiga kura, ambayo ndiyo kitambulisho chetu cha kila siku, itasema MBIRINDWA, na diploma itasema M'Birindwa. Binti atasimama dirishani akielezwa na karani kwamba hawa ni watu wawili, na kwamba aende akamlete yule mwingine.

Hapa ndipo tunapotofautiana nanyi, Waheshimiwa. Fundi wetu huiacha ritifaa kwa kuwa anawajua watakaosoma, na anajua hawatapotea. Mashine yenu haimjui mkazi hata mmoja, nanyi mlipoambiwa imekwama mkakimbilia kurekebisha barabara badala ya mashine. Kule Harrogate, kwenye kibao cha St Mary's Walk, mtu alichukua kalamu akairudisha ritifaa kwa mkono wake. Msimtafute kwa ubaya. Huyo amefanya kazi ya idara nzima, na wino alijinunulia.

Mkikubali kuja, masharti yetu ni mepesi. Chakula kitakuwa ugali na ndagala. Posho ya wakufunzi mtalipa kwa dola, na hapo tunaomba umakini. Wabadilishaji pesa wa hapa huinua noti juani, huipapasa pembe zote nne, na wakikuta imechanika kidogo tu, hata kama mchaniko haufiki ukubwa wa ritifaa, wanairudisha. Hakuna fundi, diwani wala kompyuta iliyowahi kuwashawishi kwamba alama ndogo kiasi hicho haina maana.

Wenu katika kujengeana uwezo,
Mkazi wa Mulongwe, Uvira