Barua za Baba Mdogo

Mwaka 2020, barua moja ambayo Vincent van Gogh na Paul Gauguin walimwandikia mchoraji mwenzao Émile Bernard mwaka 1888 ilinunuliwa Paris kwa zaidi ya euro 210,000. Baba Akinyi aliisoma habari hiyo kwenye simu, ugali na omena mbele yake, na chakula kikapoa.

"Mama Akinyi, barua za marehemu baba mdogo ziko wapi?"

Baba mdogo wake alikuwa mchoraji wa mashua hapa Sori. Majina, maua na macho ya samaki kwenye mbao, ndiyo ilikuwa kazi yake, kisha akavuka kwenda Mwanza, akawa anaandika nyumbani. Basi tukapindua nyumba. Magunia yakatolewa uani, kuku wakaingia chumbani, kasha likavunjwa kufuli. Ndani mlikuwa na kitenge na mchwa.

Mama mkwe, ambaye sote humwita Dani, alikuwa akianua omena. Alijibu bila kugeuka: "Niliwashia jiko. Barua ilishasomwa, ingengoja nini tena?"

Baba Akinyi akashika kichwa. Akamsimulia kuwa Van Gogh alifariki 1890, nduguye Theo akamfuata 1891, na ni Jo, mjane wa Theo, aliyezitunza barua hadi zikachapishwa 1914. Akaongeza kuwa moto wa 1997 uliteketeza mengi ya Paa ya Paa, jumba la sanaa la Elimo Njau jijini Nairobi. "Na huo moto," Dani akauliza, "niliuwasha mimi?" Nami sikuona kosa lake. Kuni zikilowa masika, mpishi hashauriani na historia ya sanaa.

Akinyi ndiye aliyeipata moja, imebandikwa nyuma ya picha ya harusi kuzuia vumbi. Pembeni palikuwa na mashua ya kalamu ya wino, tanga limefura, mistari michache tu lakini upepo unauona. Hata Van Gogh alikuwa akichora pembeni mwa barua zake, na kumwomba Theo rangi.

Akinyi akasoma kwa sauti: "Mwambie shemeji, zile shilingi 300 alizonikopesha za rangi nitamrudishia."

Dani akaweka ungo chini. Sasa barua iko ndani ya Biblia yake, na haitoki mpaka Baba Akinyi alipe.