Sifa Njema za Kausha Damu

Kila Desemba ikielekea ukingoni, redio zinajaa washauri wa fedha. Wanakuja na kanuni zao: mshahara ukiingia, asilimia 50 mahitaji ya lazima, 30 mambo ya moyo, 20 akiba. Andika malengo ya mwaka, bandika ukutani, amka nayo. Sina ugomvi nao. Ila katika wote waliowahi kujishughulisha na malengo ya watu wa hapa Charambe, aliyeyafuatilia mpaka Machi ni mmoja tu, na huyo sijasikia akialikwa studio hata siku moja. Namzungumzia kausha damu, yule mkopeshaji wa riba kubwa. Nimeona si vibaya mwaka huu naye akasifiwa, walau na mtu mmoja.

Sifa yake kubwa ni kumbukumbu. Rafiki uliyemwambia kwamba mwaka huu lazima unyanyue msingi Chanika alishasahau tarehe mbili Januari, nawe ukashukuru. Kausha damu hasahau. Kila Jumanne saa nne asubuhi, uani kwa mwenyekiti wa kikundi, kina mama wanakaa mkekani na afisa mikopo anakaa kwenye kiti cha plastiki. Ni binti mdogo tu, ana begi la mgongoni na kaunta buku lililofunikwa kwa gazeti. Anaita jina, mtu anapeleka rejesho, binti anahesabu mara mbili: noti za elfu kumi huku, za elfu mbili huku, sarafu za mia mbili anazipanga kumi kumi juu ya goti. Anaweka tiki. Anaita jina linalofuata.

Mama muuza vitumbua ambaye kikao cha wazazi shuleni hakumbuki mara ya mwisho kukihudhuria, hapa hajawahi kukosa. Mwenye msiba anatuma mtu. Na asipotokea mmoja, kikao hakifungwi. Wenzake watakaa hapo hapo, vitumbua vipoe, mtoto alie, mpaka pengo lake lichangwe. Na wale aliocheka nao jana bombani ndio watakaoongoza msafara kwenda kwake kufuata friji. Mtaalamu gani wa fedha amewahi kubuni ufuatiliaji wa malengo wa namna hiyo?

Wakopeshaji wa kwenye simu wamemzidi hata yule binti. Ukipakua programu yao, wanaomba ruhusa ya kusoma majina yote uliyoyahifadhi, na siku rejesho likichelewa wanawaandikia wenye majina hayo. Mimi nimefaidi bila kukopa hata senti. Nililetewa ujumbe kuhusu kijana aliyewahi kunitengenezea feni: mwambie ndugu yako alipe leo kabla hatua hazijachukuliwa. Sikujua kama ni ndugu yangu. Nikampigia, akaniomba radhi, nikamuuliza habari za watoto, na kila ujumbe ulipoingia nikawa nampigia tena. Walioandikiwa pamoja nami ni ustadhi wake, mama mkwe wake na muuza gesi, na sasa sote tunajuliana hali. Kundi la WhatsApp la ukoo wetu halijawahi kufanya kazi hiyo.

Sifa nyingine nazipitia juu juu. Anapunguza vyombo sebuleni, nyumba ikapitisha hewa. Anakutunzia kadi ya benki pamoja na namba ya siri, usije ukaipoteza. Anawafundisha watoto kupokea wageni: ukisikia hodi ya sauti usiyoijua, sema baba kasafiri.

Na hesabu zake hazina asilimia za kuchosha kichwa. Tuseme umekopa 200,000 kwa wale wa rejesho la kila siku. Unakatwa hela ya fomu, ya bima, ya sijui nini, unaondoka na 180,000. Kisha unarejesha 10,000 kila siku kwa siku 26. Basi.

Basi nini? 260,000 kwa mwezi mmoja, kwa mtu aliyepokea 180,000! Hapo utani unaniisha. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji hawa kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani kwa laki mbili ni 7,000. Sheria ya huduma ndogo za fedha ipo tangu 2018, kanuni zake zikafuata 2019. Novemba 2024 Benki Kuu hiyo hiyo ikatoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni. Orodha nzuri, nimeisoma. Lakini sheria haina Jumanne yake huku kwetu. Haiji na kaunta buku, haiiti jina.

Sifa zote hizo kausha damu hakuzipata kwa akili zake. Amepewa. Benki inataka hati ya nyumba au karatasi ya mshahara. Halmashauri ina ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, mkopo usio na riba kabisa. Ila uwe na kikundi, katiba, akaunti, barua ya mtendaji na andiko la mradi. Na hiyo nayo ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi 2024. Muda wote huo vitumbua havikusimama, wala Jumanne.

Halafu mshauri anasema redioni kwamba watu wetu hawana nidhamu ya fedha. Nidhamu! Mama anaamka saa tisa usiku kuwasha jiko, anatoa 10,000 kila siku ya Mungu kwa siku 26 bila kuruka, na anayemwambia hana nidhamu ni mtu anayelipwa tarehe 25. Huyu mama akiba anaiweza, ameshaithibitisha. Hela yake inakuja kwa siku. Asilimia 20 ya mshahara upi? Kinachomwangusha ni Januari, pale watoto wanapotaka sare na madaftari kwa pamoja, ada imefutwa lakini michango haijasikia, na mwenye nyumba wa chumba cha 50,000 anataka miezi sita kwa mkupuo. 300,000, tena kabla ya tarehe tano. Kausha damu hapigi hodi kabla ya mwenye nyumba kupiga.

Kwa hiyo lengo langu la fedha mwaka huu ni moja, na linatekelezeka: kodi tulipe mwezi kwa mwezi. Nimeshamfikishia mwenye nyumba wangu. Amesema wazo ni zuri, tutalizungumza nikishamaliza kulipa hii miezi sita.